Namna chembe zinavyochapuliwa, na jinsi ya kuziona kwa macho ukiwa Malindi

Nyosha kiganja chako. Katika kila sentimita moja ya mraba inapita muoni moja hivi kila dakika (muoni ni chembe yenye chaji kama elektroni, ila ni nzito zaidi), mchana na usiku, uwe chini ya mkungu au ndani ya nyumba ya mawe. Imezaliwa yapata kilomita 15 juu yetu, pale protoni iliyotoka mbali mno ilipogonga hewa. Swali ni moja: nani aliipa protoni ile kasi hiyo?

Mwongozo huu nawaandikia walimu wa fizikia na vijana wa klabu za sayansi wa Malindi, na yeyote mwenye subira. Nusu yake ni hesabu ya kuelewa vichapuzi, yaani vitu vinavyozipa chembe kasi, vya mashine na vya asili. Nusu ya pili ni kazi ya mikono: kutengeneza sanduku la mawingu litakaloonyesha njia za chembe hizo. Sanduku hili limo katika fizikia ya Kidato cha Nne, lakini wanafunzi wengi humaliza shule wakiwa wameliona kwenye mchoro tu. Hilo linaniuma, kwa sababu kulitengeneza hakuhitaji maabara kubwa.

Malindi kwenyewe kuna haki ya kuzungumza juu ya jambo hili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, ikabeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei za angani peke yake. Ikapewa jina Uhuru. Novemba 1972 ikafuata setilaiti ya SAS-2 kutoka jukwaa hilohilo. Hii ilipima miali ya gama, na ilionyesha wazi kwamba ukanda wa Njia ya Maziwa, galaksi yetu, unang'aa kwa miali hiyo kwa kuwa chembe zenye kasi kubwa zinagonga gesi iliyotanda humo. Sehemu ya habari za vichapuzi vya angani ilipatikana kutokana na safari zilizoanzia hapa kwetu.

Kwanza: shika kanuni mbili

Uga wa umeme huiongezea chembe yenye chaji nishati. Uga wa sumaku huipinda njia, lakini hauiongezei hata chembe ya nishati, kwa sababu msukumo wa sumaku siku zote huwa wa kukatiza mwendo, haufuati mwendo.

Basi. Ukielezwa juu ya kichapuzi chochote, kiwe cha hospitali au cha nyota, uliza maswali mawili: umeme uko wapi, na sumaku inafanya nini? Asiyeweza kujibu bado hajakielewa. Kuna nyongeza moja tu ya kuweka akilini, na tutaihitaji tukifika angani: sumaku inayosogea huzaa uga wa umeme.

Pili: hesabu kwa elektronivolti

Elektroni ikivuka tofauti ya volti 1 hupata nishati ya elektronivolti 1, tunayoandika eV 1. Betri ya redio ya volti 1.5 huipa eV 1.5. Ndani ya zile televisheni za rangi za zamani zenye mgongo mkubwa, elektroni zilivuka volti kama 25,000, zikapata keV 25 na kukimbia kilomita 90,000 hivi kwa sekunde, yaani karibu theluthi ya kasi ya mwanga. Sebule nyingi za Malindi zilikuwa na kichapuzi na hakuna aliyekiita hivyo. Kama kuna televisheni ya zamani ya picha nyeusi na nyeupe ambayo bado inawaka, sogeza sumaku karibu na kioo, picha itapinda mbele ya macho yako. Ya rangi usiijaribu, itabaki na madoa. Na kwa hali yoyote usifungue mgongo wa televisheni, kwani chaji hubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya, na inaua.

Mashine ya eksirei ya hospitali inafanya kazi kwa namna hiyohiyo, kwa kilovolti 50 hadi 120 hivi. Elektroni huchapuliwa, hugonga chuma, hukatizwa ghafla, na sehemu ya nishati yake hutoka kama eksirei.

Baada ya keV huja MeV (milioni), GeV (bilioni) na TeV (trilioni). Zizoee, kwa sababu kila kitu kilichobaki humu kimepimwa kwa hizo.

Tatu: mashine

John Cockcroft na Ernest Walton, Cambridge, mwaka 1932, walipandisha volti laki kadhaa na kupasua kiini cha lithiamu kwa protoni. Njia yao ni rahisi kuelewa: volti kubwa, msukumo mmoja. Lakini ina ukomo. Ukizidi kupandisha volti, hewa na vihami hushindwa, cheche huruka, na kazi imekwisha.

Njia ya kutoka kwenye mkwamo huo ndiyo fikra kubwa ya somo hili lote: badala ya msukumo mmoja mkubwa, toa misukumo midogo mingi, kila mmoja kwa wakati wake. Mtoto kwenye bembea ya Idi hasukumwi mara moja kwa nguvu zote, anasukumwa kidogo kila anaporudi, na anayesukuma akikosea wakati bembea hupoteza mwendo. Rolf Wideröe alionyesha mwaka 1928 kwamba jambo hili linawezekana kwa kupanga mirija kwenye mstari na kuipa volti inayogeuka-geuka. Ernest Lawrence akaongeza sumaku. Sumaku inaipinda chembe izunguke na kurudi kwenye pengo lilelile la umeme, ikapate msukumo mwingine. Mapema mwaka 1931, yeye na Stanley Livingston walikuwa na saiklotroni ya kipenyo cha sentimita 11 hivi, inayoingia kiganjani, iliyotumia volti 1,800 na kutoa protoni za keV 80. Gawa 80,000 kwa 1,800 uone: misukumo zaidi ya 40.

Saiklotroni bado zinafanya kazi. Hospitali hutengeneza kwazo dawa zenye mnururisho za kutafutia saratani mwilini. Mashine ya kutibu saratani kwa mionzi ni ndugu wa ile ya Wideröe: mrija ulionyooka, mawimbi ya mikro, na elektroni zinazofikia MeV 6 hadi 18 katika umbali wa mita moja au mbili.

Kubwa kuliko zote ni LHC iliyo chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, duara la kilomita 27. Protoni huzunguka zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde. Sehemu zinazochapua ni vyumba vinane tu vya mawimbi ya redio kwa kila mkondo. Nafasi kubwa iliyobaki imejaa sumaku, 1,232 za kupinda peke yake, zilizopoozwa hadi kelvini 1.9. Watu wengi hudhani ukubwa ule ni wa kuongeza kasi. Sivyo. Ni wa kupinda.

Nne: kanuni moja ya kubeba mfukoni

Kwa chembe yenye chaji moja inayokimbia karibu na kasi ya mwanga:

nishati kwa GeV = 0.3 × uga wa sumaku kwa tesla × nusu kipenyo cha mpindo kwa mita

Ijaribu kwa LHC. Sumaku zake hufika tesla 8.33, na nusu kipenyo cha mpindo ndani ya sumaku ni mita 2,804. Zidisha: 0.3 × 8.33 × 2,804 inatoa karibu 7,000. GeV 7,000 ni TeV 7, nishati ambayo mashine ile ilisanifiwa kuifikia. Waachie wanafunzi waikokotoe wenyewe. Wakishaona namba ya mashine ya mabilioni ikitoka kwenye kikokotoo cha shule, hawatakuwa tena watu wa kukariri.

Tano: vichapuzi visivyojengwa na mtu

Radi ni kichapuzi cha karibu. Ndani ya wingu la mvua za masika uga wa umeme hufika volti laki kadhaa kwa kila mita. Elektroni ya kawaida haifaidi, kwa kuwa inagongana na hewa na kupoteza kila inachopata. Lakini elektroni ikiwa tayari ina kasi kubwa, hewa huipunguzia nishati ndogo tu, hivyo inapata zaidi kuliko inavyopoteza, inang'oa nyingine, na zote zinakimbia pamoja. Matokeo yake ni mimweko ya miali ya gama inayotoka kwenye mawingu kwenda juu, jambo lililogunduliwa na setilaiti na kutangazwa mwaka 1994. Setilaiti ya Italia iitwayo AGILE, iliyorushwa Aprili 2007 na kuzunguka karibu juu ya ikweta, ilirekodi mimweko mingi ya aina hiyo. Data zake zilishushwa kwenye antena za hapa Malindi.

Kichapuzi cha mbali kina kazi kubwa zaidi. Nyota nzito ikilipuka, gesi yake husambaa kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde, na mbele yake hutangulia wimbi la mshtuko. Pande zote mbili za wimbi hilo kuna uga wa sumaku uliovurugika. Protoni inayovuka kwenda mbele hupindwa na sumaku na kurudishwa nyuma, huko nako hupindwa na kurudishwa mbele. Sumaku zile zinasogea na gesi, pande mbili zikikaribiana, na kumbuka nyongeza yetu: sumaku inayosogea huzaa umeme. Kwa hiyo kila duru huongeza nishati kidogo, tuseme asilimia 1. Baada ya duru 70 nishati imekuwa maradufu. Baada ya 700 imekuwa zaidi ya mara elfu. Enrico Fermi alitoa mbegu ya fikra hii mwaka 1949 akizungumzia mawingu ya sumaku yanayorandaranda, na mwaka 1977 na 1978 wanafizikia kadhaa, kila mmoja kwa njia yake, wakaionyesha ikifanya kazi kwenye wimbi la mshtuko.

Itafika wapi? Michael Hillas alieleza mwaka 1984 kwamba kikomo ni kilekile: chembe lazima ipindwe ndani ya mahali inapochapuliwa, isitoroke. Chukua kanuni yetu ya mfukoni na uzidishe kwa kasi ya wimbi ikigawanywa kwa kasi ya mwanga. Kwa mabaki ya nyota iliyolipuka, weka uga wa sehemu moja ya milioni mia moja ya tesla, yaani 0.00000001, nusu kipenyo cha mita 10 kwa kipeo cha 17, na kasi ya wimbi ambayo ni asilimia 1 ya kasi ya mwanga. Jibu ni GeV milioni 3. Na hapohapo, karibu na GeV milioni 3, vipimo vya miali ya kosmiki, yaani chembe zinazotushukia kutoka angani, vinaonyesha idadi ya chembe ikianza kushuka kwa mwinuko mkali zaidi. Hiyo si bahati. Ndiyo sababu moja kubwa ya kuamini kwamba sehemu kubwa ya miali ya kosmiki ya galaksi yetu inatoka kwenye mabaki ya namna hii, ingawa bado watafiti wanajadili ni mabaki gani hasa hufikia kilele hicho.

Zipo zinazopita hapo kwa mbali. Tarehe 15 Oktoba 1991, vifaa vya Utah, Marekani, vilinasa chembe moja yenye GeV bilioni 320, sawa na joule 50 hivi ndani ya kitu kidogo kuliko atomu. LHC ni mdogo sana mbele yake.

Sita: sanduku la mawingu

C.T.R. Wilson alikamilisha sanduku la kwanza mwaka 1911. Sisi tunatumia umbo jepesi zaidi lililotokana na kazi ya Alexander Langsdorf miaka ya 1930. Mvuke wa alkoholi unashuka kutoka juu palipo na joto hadi chini penye baridi kali. Karibu na sakafu, mvuke unakuwa mwingi kuliko hewa inavyoweza kubeba, unangoja tu kitu cha kushikia. Chembe yenye chaji ikipita huacha ayoni nyuma yake, na matone yanashika hapo. Unachoona ni mstari wa ukungu.

Utahitaji tangi la kioo lenye sakafu ya sentimita 20 kwa 30 hivi, kama dogo la kufugia samaki. Fundi wa vioo anaweza kukuunganishia kwa silikoni, na silikoni haiharibiwi na alkoholi, tofauti na gundi nyingi. Plastiki nyingi huingia ukungu na nyufa, kwa hiyo kioo ni bora. Bamba la alumini la milimita 2 au 3, pana kuliko mdomo wa tangi, utapata kwa mafundi wa madirisha. Lipake rangi nyeusi isiyong'aa. Tafuta kitambaa kizito cha sufu, tochi ya LED yenye mwanga mwembamba, udongo wa kuchezea wa watoto wa kuzibia, na boksi jeupe jepesi lile la kusafirishia samaki.

Alkoholi iwe aisopropanoli ya asilimia 99. Ile ya 70 ya kusafishia mikono haifai, maji yake yataharibu kila kitu. Hapa usikubali kubembelezwa na muuzaji, soma lebo mwenyewe.

Kazi ngumu ni barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyoganda, yenye nyuzi −78.5. Barafu ya kawaida na chumvi haitoshi, inafika −21 hivi na kuishia hapo. Waulize wauzaji wa gesi za viwandani Mombasa kabla ya kupanga siku, maana mara nyingi hutaka oda mapema. Ukihitaji kilo 2 jioni, nunua 5 asubuhi. Inayeyuka kuwa gesi njiani hata ndani ya boksi zuri. Na hapa sikiliza vizuri: kilo moja hutoa zaidi ya lita 500 za gesi isiyoonekana wala kunuka, inayoweza kukuzimisha. Usiipande nayo matatu yenye madirisha yaliyofungwa. Boksi lisizibwe kabisa, litapasuka. Usiweke kamwe ndani ya chupa. Ishike kwa glavu nene za ngozi, si kwa mkono mtupu hata sekunde mbili, na vaa miwani ya kukinga macho unapoiponda.

Chagua jioni ya kusi, Julai au Agosti, hewa ikiwa na ubaridi kuliko wakati wa joto la Machi. Fanyia barazani au chumba chenye madirisha wazi, lakini pasipo na upepo wa moja kwa moja. Moto usiwepo karibu: hakuna jiko, hakuna sigara, hakuna kibatari, kwa kuwa mvuke wa alkoholi unawaka.

Bana kitambaa ndani ya tangi upande wa chini kwa waya, kisha kimwagie alkoholi hadi kilowe bila kudondoka. Ponda barafu kavu, itandaze sawasawa ndani ya boksi, weka bamba juu yake, upande mweusi ukitazama juu. Mwagia bamba alkoholi kidogo liwe na utando mwembamba. Geuza tangi, kitambaa sasa kiko juu, lisimamishe juu ya bamba na uzibe kando zote kwa udongo. Pembe moja ikivujisha hewa utapata mawimbi ya ukungu na hakuna zaidi. Juu ya tangi weka mfuko wa maji ya uvuguvugu. Zima taa, lalisha tochi kando, mwanga upite karibu kabisa na sakafu. Subiri dakika 10 hadi 15.

Kwanza utaona manyunyu kama mvua nyembamba. Hiyo ni dalili njema. Njia zitatokea katika sentimita moja tu ya chini, kwa hiyo usitazame juu. Zikikataa, sugua bomba la plastiki kwa kitambaa kikavu na ulipitishe juu ya kioo: umeme wake unafagia ayoni za zamani.

Saba: kusoma unachokiona

Mstari mwembamba, mrefu, ulionyooka kama uzi uliovutwa, kwa kawaida ni muoni. Wastani wa nishati yake hapa usawa wa bahari ni GeV 4. Muoni huishi mikrosekunde 2.2 tu, na kwa hesabu ya kawaida ingekufa baada ya mita 660. Imefika barazani kwako kwa sababu saa ya kitu chenye kasi hiyo huenda polepole, kama nadharia ya Einstein inavyosema. Zinazoshuka wima huacha alama fupi tu, kwani tabaka linaloonyesha ni jembamba. Zinazokuja kwa mshazari ndizo zinazopendeza.

Mstari mnene wa sentimita chache ni chembe ya alfa, mara nyingi kutoka gesi ya radoni iliyomo hewani. Ukitaka nyingi, weka ndani sindano ya kulehemu ya TIG yenye ncha nyekundu, ile yenye thoriamu. Usiisage wala kuikwaruza, na nawa mikono baadaye. Mistari iliyopindapinda ovyo ni elektroni nyepesi zinazogongwa huku na huko.

Wanafunzi watauliza kama sumaku itapinda njia hizo. Watume kwenye kanuni ya mfukoni, lakini kwa chembe yenye nishati ndogo watumie mwendoshi wake (momentum kwa Kiingereza) badala ya nishati. Sumaku kali ya neodimiamu chini ya bamba ikitoa tesla 0.3, muoni ya GeV 4 itapinda kwa nusu kipenyo cha mita 44: hutaona kitu. Elektroni ya MeV 1 itapinda kwa sentimita 1.6, na hiyo utaiona.

Nane: kwa watakaotaka kuendelea

Dunia nayo ni sumaku, na karibu na ikweta inazuia protoni zinazoshuka wima zenye nishati chini ya GeV 10, na hata juu kidogo ya hapo. Pia inazipendelea chembe za chaji chanya zinazotoka magharibi kuliko za mashariki. Bruno Rossi alipima hivyo Asmara mwaka 1933, ushahidi kwamba miali ya kosmiki kwa sehemu kubwa ni chaji chanya. Rossi huyohuyo ndiye aliyemhimiza Riccardo Giacconi kutafuta eksirei za angani, na Giacconi ndiye aliyeongoza kazi ya kisayansi ya setilaiti ya Uhuru.

Sanduku halitoshi kwa kipimo hiki. Tumia mirija miwili ya Geiger (vifaa vinavyolia chembe ikipita) iliyofungwa kwenye ubao mmoja, ikiachana sentimita 20 hivi, na saketi inayohesabu pale tu yote miwili inapolia kwa pamoja. Inamisha ubao nyuzi 45. Mwelekeo hauna shida: Malindi na Makka ziko karibu katika longitudo moja, kwa hiyo ukielekea kibla umeelekea kaskazini, na magharibi iko kushoto kwako. Hesabu upande wa magharibi kwa muda fulani, kisha mashariki kwa muda uleule, ukibadilishana mara nyingi ili mabadiliko ya hali ya hewa yasikudanganye. Tofauti ni ndogo. Ukiwa na hesabu 1,000, yumbayumba ya bahati peke yake ni kama 32, zaidi ya asilimia 3, kwa hiyo usitangaze lolote kabla kila upande haujafika elfu kadhaa.

Barafu kavu iliyobaki iache nje mahali pa wazi, mbali na watoto na wanyama, iishe yenyewe.